Jiwe la Katikati ya Saluni

Siku niliyomwambia mwenye nyumba kwamba nahamisha saluni yangu kutoka mtaa wa Mabanga, alinitakia heri, akaniombea kwa Bikira Maria, kisha akanikumbusha kontra yetu ya kupanga: nyumba irudi vile niliikuta. Alikuwa muzee wa Butembo, mpole wa sauti, mgumu wa kichwa.

Sikuwa na wasiwasi. Nilimwita fundi muashi, tukafunika rangi yangu ya waridi kwa nyeupe, tukaziba matundu ya misumari ya vioo, tukang'oa sinki. Muzee akaja kukagua. Alipapasa kuta, akaguna kwa kuridhika. Halafu akasimama katikati ya chumba na kukodolea sakafu macho kama mutu aliyepotelewa na mbuzi.

"Mama, jiwe yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilipoingia pale nilikuta nundu ya jiwe la volkano imetokeza sakafuni, kubwa kama sufuria ya harusi iliyofunikwa. Wateja walijikwaa, na mmoja alianguka akiwa amesukwa nusu kichwa. Ndipo nikalivunja, nikasawazisha sakafu kwa simenti, nikajisifu.

"Muzee, ile jiwe ilikuwa inaangusha batu. Nilikutengenezea nyumba!"

"Nilikuomba?" akauliza taratibu. "Papa yangu alivunja nyundo juu ya ile jiwe. Ikamushinda, akajenga nyumba juu yake. Irudishe."

Fundi alicheka hadi akakaa chini. Goma nzima imekaa juu ya mawe. Ukilima mchicha unavuna mawe. Na mimi nikaanza kutafuta jiwe.

La kwanza tuliliokota kando ya barabara. Muzee akalikataa, eti limechongoka. La pili lilitoka Munigi kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mwenye chukudu akataka kujua kama kwetu mawe yameisha. Muzee alilizunguka, akalikalia, akainuka.

"Hii ni muzuri. Lakini yangu ilikuwa na kiuno."

La tatu lilikuwa na kiuno. Tukachimba sakafu yangu laini, huku roho ikiniuma kwa kila pigo, tukalipanda, fundi akalizungushia simenti. Muzee aliliwekea mkono kama anayebariki mutoto. Macho yakamlowa. Hapo hasira yangu ikapungua, ingawa si yote.

Simenti ilikuwa bado mbichi alipoingia mpangaji mpya, mama wa Masisi aliyetaka kuuzia vitenge pale. Alisifu weupe wa kuta, akapiga hatua, akajikwaa.

"Yesu wangu! Na hii ni nini?"

Nilingoja kusikia habari za papa na nyundo. Lakini muzee alikuwa amekwisha kuona jinsi mama yule anavyotazama mlango, tayari kuondoka.

"Hiyo? Unaweza kuitosha, uivunje, mama," akasema upesi. "Lakini siku ya kuhama, unairudisha."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Fundi akainuka, mwiko mkononi.

"Mama, niko hapa. Hata ya kurudisha, ninajua kwenye inapatikana."

Yule mama alivua kitenge chake cha juu, akakitandika juu ya jiwe, akaketi na kunyoosha miguu.

"Ibaki," akasema. "Tangu asubuhi niko natembea, hakuna mutu alinipa kiti."

Nikamkabidhi muzee funguo.