Baraza Lisilo na Chifu

Juma lililopita dada yangu alinipigia simu kutoka mtaa wa Woodley, Nairobi, katika nyumba ile tuliyokulia. Kiwanja cha nyuma, akasema, kimezungushiwa mabati. Nikaenda. Mabati yalikuwa mapya, yanang'aa, na nyuma yake nilisikia watu wakichimba. Wewe uliyecheza katika kiwanja kama kile utanielewa. Ardhi haikuwa yangu. Kilichoniuma ni kwamba kiwanja hicho kiliwahi kuponea chupuchupu kunyakuliwa, na nililiona hilo kwa macho yangu.

Bibi yetu mzaa baba aliletwa kutoka Pwani baada ya babu kufariki, akaiona Nairobi kuwa mji wa watu wanaosalimiana huku wanatembea. Kwao kila nyumba ina baraza, lile benchi la saruji nje ya mlango ambapo watu hukaa jioni wakazungumza. Baba, aliyekuwa karani dukani mjini, akamjengea moja. Kila alasiri Bibi alilifagia, akaketi, akangoja. Hakuna aliyekuja.

Jirani yetu alikuwa seremala kutoka Magharibi mwa Kenya. Kwake ndiko nilikotumwa kuchukua maranda ya kuwashia jiko, na mpaka leo nikinusa mbao mbichi hunijia pia harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, aliokuwa akipika mkewe. Siku moja Bibi akaniambia nikifika huko niseme: "Bibi awaita barazani, alasiri." Nikasema hivyo hivyo.

Sikujua kwamba kwa seremala baraza si benchi. Ni mkutano wa chifu: chifu anasema, watu wanasikiliza. Na wiki ile watu tusiowajua walikuwa wamesimika nguzo za ua kiwanjani, mahali petu pa kuchezea na pa akina mama kuanika nguo. Kila mtu alikuwa ameziona, na kila mtu alikuwa amenyamaza. Seremala akaunganisha mambo hayo mawili, akawaarifu majirani.

Alasiri wakaja nusu ya mtaa, wakasimama langoni. Seremala alikuwa amevaa koti na tai. Bibi alikuwa na birika moja la kahawa ya tangawizi, na kashata za kuwatosha watu wanne.

"Mbona mwasimama kama walinzi? Mwangoja nani?"

"Chifu, Mama," seremala akajibu. "Atafika saa ngapi?"

"Chifu wa nini?"

Mkewe akamgeukia. "Ati hakuna chifu? Na mimi nimeacha mboga kwa jiko! Na wewe na hiyo tai ya harusi!"

Walicheka hadi wengine wakaegemea ua. Lakini walikuwa wamekwisha kufika, na Bibi hakuwa mtu wa kumwachilia mgeni aliyemngoja miezi mingi. Akavunjavunja kashata, akazungusha vikombe. Na kwa kuwa hapakuwa na chifu wa kusema, ikabidi waseme wenyewe. Kumbe kila mmoja alidhani wenzake wameziridhia zile nguzo, na wawili watatu walidhani jirani fulani ndiye aliyezisimika. Walibishana hadi jua likazama, Bibi akimkatiza kila aliyezidisha: "Wewe umeshakunywa, mpishe mwenzio." Kesho yake wakaenda pamoja, mchana kweupe, wakazing'oa. Seremala alivaa tena tai yake, safari hii kwa makusudi. Waliozisimika hawakurudi.

Mimi sikusoma chuo. Vitabu vyangu navinunua kwa wauzaji wa kando ya barabara mjini, na navisoma polepole, kalamu mkononi. Humo nilikutana na mwanafalsafa mmoja wa karne iliyopita, mwanamke aliyelazimika kuukimbia udikteta kwao. Mengi aliyoandika yamenishinda. Lakini jambo moja analishikilia, nami nililielewa mara moja: nguvu ya kisiasa haimo katika bunduki, wala si mali ya mtawala. Huzaliwa watu wanapokutana, wakasemezana, wakatenda pamoja. Wakitawanyika, nayo hutoweka. Wapo wanaodai kwamba mawazo yake yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi tunasemezana kwa simu mchana na usiku. Nilikuwa karibu kukubaliana nao.

"Na nyinyi mmefanya nini?" nilimwuliza dada yangu siku ile ya mabati.

"Tumeandika sana kwa grupu."

Akanionyesha kwenye simu yake. Kweli walikuwa wameandika: hasira, dua, vikatuni vya kulia. Nikamwuliza anayekaa nyumba ya seremala siku hizi ni nani. Akaitazama tena simu. "Ni yule mwenye picha ya maua."

Bibi ametangulia, seremala pia, na benchi lilivunjwa zamani kupisha maegesho ya gari. Tulitoka, dada yangu na mimi, tukaenda kubisha hodi. Kijana mmoja akafungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Mmetumwa na nani?"

"Hatukutumwa," nikamjibu. "Tumekuja tu."

Zamani maneno hayo yalitosha kufunguliwa mlango wowote pale mtaani, na kikombe kikafuata. Nilimwona kijana akiyapima, kisha akatutazama mikononi, aone tunauza nini.