Kinyonga Aliyenyimwa Ugali

Nikianza kumsifu Kalondu, mtasema ni ndugu yangu. Semeni tu. Mimi na yeye tumegombana miaka yote hapa Kambi Muru, mlango wake ukitazamana na wangu, yeye akisuka vyondo, mimi nikikaanga mandazi. Kilichonichosha ni hadithi zake. Watoto wa ploti nzima wanajaa mlangoni pake, wanamshikia uzi, naye anawaeleza mambo ya Ukambani kana kwamba alikuwepo Mungu akiumba. Mimi ni mtu wa kanisa. Niliona ni upuzi mtupu.

Na maringo! Ukimwambia kwetu Bungoma sisi Wabukusu pia tuna kinyonga aliyeleta kifo, anakucheka. "Huyo wenu mlimwokota kwetu, Mama Shiundu."

Basi jirani yetu Magdaline akafa. Alizidiwa mchana, akamtuma binti yake Mercyline akamwite baba yake kule mtaa wa Raila. Mtoto ni mtoto. Njiani alikuta wenzake wakiruka kamba, akaruka kidogo. Aliporudi na baba yake, Ambrose, mama alikuwa ameshakwenda. Daktari alisema hata angekimbia isingesaidia, lakini utamwambia nani? Baada ya mazishi Mercyline alikataa chakula. Ugali, uji, hata mandazi yangu ya moto, hagusi. Akakonda hadi Ambrose akawa analia nje ya nyumba, mwanaume mzima.

Jumamosi moja Kalondu akamkalisha mtoto, akampa uzi ashike, akaanza. Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba watakufa na kufufuka. Kinyonga akajikokota, akafika akigugumia, ndege akamwahi kwa habari nyingine: mkifa mmekufa.

Mercyline akaachilia uzi. "Basi kinyonga ni mimi," akasema. "Nilichelewa."

Wueh! Nilimfokea Kalondu kutoka jikoni kwangu hadi majirani wakachungulia. Alikuja akasimama mbele yangu, machozi yamemjaa. "Dada, huyo wenu alifanya nini? Niambie vizuri, nisikosee tena."

Nikamwambia, vile nyanya yangu alinisimulia. Akarudi kwa mtoto.

"Mercy, hiyo yetu si yenyewe. Wabukusu ndio wanajua."

Haki ya Mungu, sikuamini masikio yangu.

"Kinyonga hakutumwa popote," akaendelea. "Alikuwa na njaa. Akamkuta mtu anakula, akaomba, akanyimwa na kufukuzwa. Akakasirika, akasema: basi nyinyi mtakufa. Ndiyo maana sisi wote tunakufa."

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya nyanya ya nyanya yako."

"Kabla sijaruka kamba?"

"Kabla hiyo kamba haijasokotwa, mwanangu."

Mtoto alilia kilio ambacho hata kaburini hakukilia, na Kalondu akamkumbatia hadi kikaisha. Halafu Mercyline akaomba ugali. Kipande cha kwanza alikiweka kizingitini. "Cha kinyonga," akasema, "asinyimwe tena." Kisha akala, akaramba sahani, na Ambrose akalazimika kutoka nje tena.

Asubuhi kile kipande hakikuwepo. Panya wa ploti yetu nawajua vizuri. Lakini Mercyline aliponiuliza, mimi, mtu wa kanisa, nilimwambia nimemwona kinyonga kwa macho yangu akiondoka polepole, ameshiba.