Pumzi ya Kuposa

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa stoo Nachingwea, kijana wa elimu ya sekondari mwenye baiskeli mpya na kitambi kilichoanza kuchungulia. Sikwenda popote kwa miguu. Hata msikitini, ambako mtu angefika kabla adhana haijakwisha, nilikwenda kwa baiskeli. Nilidhani kutembea ni kazi ya wasio na jinsi. Ujinga huo ulikuwa wangu mwenyewe, hakunifundisha mtu.

Nikampenda binti wa upande wa Mandawa, niliyemwona sokoni Ruangwa akiuza ufuta na shangazi yake. Kwetu Wamwera, mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake, kaka wa mama. Nilituma mshenga, naye akarudi na jibu kwamba mjomba anataka kuniona mimi mwenyewe. Nilipopata likizo nikavaa viatu, nikapanda baiskeli.

Karibu na kijiji njia ilikuwa nyembamba, na mbele yangu alikuwapo mama mmoja amejitwika kapu la mihogo. Nikapiga kengele. Akaruka majanini, kapu likayumba, nami nikapita nikisema shikamoo bila kushuka. Kwetu, kumwamkia mkubwa ukiwa umekaa juu ya baiskeli ni kumdharau, na nililijua hilo tangu utotoni. Niliona uvivu tu kushuka.

Jioni, nimeketi barazani kwa mjomba, mama yule akaingia uani na mihogo yake. Kumbe ndiye mama wa binti. Akamsimulia mjomba habari ya kengele yangu, akapita ndani. Mjomba alinitazama, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema kwamba habari za posa hazungumzi nyumbani.

“Alfajiri nakwenda shambani,” alisema. “Tutasema njiani. Kwa miguu.”

Shamba lake lilikuwa ng’ambo ya kilima, alikolinda mtama usiliwe na nguruwe na nyani, na aliliendea kila siku. Siku ya kwanza, kila nilipofungua kinywa nieleze shida yangu, pumzi ilikatika. Nilianza, “Mjomba, mimi nimekuja…” nikaishia kuhema. Yeye alinieleza habari za mikorosho yake yote bila kupunguza mwendo. Chini ya kilima alikuwapo bibi kizee, mtani wa ukoo wao, ambaye kwa utani huo aliruhusiwa kusema lolote.

“Karani, miguu umeiacha Nachingwea?” aliniuliza. “Huyu akioa, binti ndiye atakayembeba.”

Nilirudi na malengelenge. Mjomba akanipa katambuga zake kuukuu, zilizokatwa kwenye mpira wa gurudumu, na alfajiri tukaondoka tena. Siku chache zikapita hivyo. Nikaanza kula ugali kwa njaa ya kweli, na kulala bila kugeukageuka kama nilivyozoea kule mjini. Hasira ndogondogo nilizokuja nazo, za bosi na za wenzangu wa stoo, sijui zilidondokea wapi. Nikajua shamba la nani limeingiliwa na nyani na nani ana mgonjwa, maana anayetembea husimamishwa na watu. Mama wa binti naye alipita njia ileile na mizigo yake. Kila nilipomwona kwa mbali nilishuka majanini, nikachuchumaa, nikainamisha kichwa mpaka apite.

Najuta kwamba baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye kiti chake ofisini, niliiacha tena desturi ya kutembea kwa miaka mingi, na mwili ukazeeka kabla ya wakati. Mke wangu ndiye aliyenitoa tena nje, kwa kunitangulia mlangoni kila asubuhi bila kunibembeleza. Lakini wakati ule sikuwa na mke bado, na likizo ilikuwa inakwisha.

Asubuhi moja nilikuwa namsimulia mjomba habari za dereva mmoja wa Nachingwea, wa mashamba ya karanga ya Waingereza, aliyeshuka kwenye trekta kununua sigara akasahau kulizima. Alilikimbiza huku akiliita kama mtu anayeita mbuzi wake. Mjomba alicheka, kisha akasimama ghafla. Tulikuwa juu ya kilima, nami sikuwa nimenyamaza tangu chini.

“Haya, sema lako,” alisema. “Nilikuwa nangoja upate pumzi.”

Nikasema nampenda mpwa wake na kwamba, kama ilivyo desturi, niko tayari kuwalimia. Maneno yote niliyoyapanga kwa ufasaha yalikuwa yamenitoka kichwani.

“Mama yake amekubali tangu siku ya kwanza ulipompisha,” alinijibu. “Mimi ndiye niliyekawiza. Njia hii ukiwa peke yako inachosha.”

Nikamwambia basi kesho twende tena. Akasema kesho niende mwenyewe, yeye apumzike. Nikaenda, wala kilima sikukisikia.