Muti wa Matunda ya Makako

Tangu mutoto wangu aliponiambia kwamba siku ya posho, ndiyo Jumamosi, maçon, fundi wa kujenga, atakuja kukata muti wangu, sikuweza kukaa. Naenda kuushika, narudi jikoni, nasahau nilichofuata, narudi kwa muti. Bibi ya mutoto wangu, mukwe wangu, akanicheka: «Maman, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.»

Parsele yetu, kiwanja cha nyumba, inateremka, kama nyingi hapa Bukavu. Palipo sawa ni pawili tu: jiko langu la mbao, ninapopikia na kuotea moto, na pale nilipopanda muti. Mutoto alipataka pale pa muti aweke siterne ya kukingia mvua, sababu robine yetu ya maji inakauka hata wiki mbili. Kila asubuhi ni mimi ninayelalamika juu ya maji.

Ni muti wa porini, wenye matunda ya manjano kama nanasi ndogo. Matunda ya makako, ya kima, ndivyo tunavyosema. Utotoni tulikuwa tunayafyonza mupaka vidole vinanata. Huku mujini hayaonekani. Siku moja nilipata moja kwa mama aliyeshuka na kitunga kutoka kando ya pori, nikatia mbegu katika kopo la maziwa. Zikaota sita. Nikazipa majina ya nyumba sita za mulima wetu wa zamani. Majina ya wale watu wote ninayo, ya ubatizo na ya kutaniana, lakini hapa siyaandiki.

Kisha nikafanya vile mama yangu alivyotufundisha kwa ndizi: acha chipukizi lenye nguvu, ng'oa mengine. Lenye nguvu nilikuwa nimelipa jina la nyumba ya katekista, watu wa ng'ombe nyingi. Mengine nikayatupa ng'ambo ya lupango, uzio wa parsele, kwa jirani wa chini.

Nikaulea ule mumoja. Maji ya kuoshea muchele, majani makavu ya ndizi, mawe chini mvua isibebe udongo. Ukakua, ukatoa maua membamba kama vidole, yenye vumbi ya manjano. Yakaanguka. Mwaka uliofuata vilevile, na uliofuata tena.

«Muti wa kunywa maji bure,» mutoto akasema.

Siku mbili mbele ya posho, jirani akaniita juu ya lupango. «Dada, nasikia munakata bwana?»

«Bwana gani?»

«Teremka uone bibi yake.»

Nikateremka na fimbo. Kando ya kamba yake ya nguo, muti mwembamba, na matunda matano juu. Nilijua mara moja, kwa shina lake lililopinda tangu kopo. Ni ule dhaifu kuliko yote, niliokuwa nimeupa jina la nyumba ya mujane asiye na hata mbuzi, nyumba tuliyokuwa tunaicheka.

«Niliuokota kwa takataka,» jirani akasema. «Maua yake ni ya mviringo, hayana vumbi. Vumbi ya kuuzalisha inatoka kwako, kwa upepo. Dume lako linanishukia hapa kila mwaka, na wewe umelala.»

«Na ulikula bila kuniita?»

«Mwaka jana yalikuwa mawili tu. Ningekuita, ningekula nini?»

Siku ya posho maçon alikuja na shoka. Nilikuwa nimebeba kiti, nimekaa chini ya muti. Jirani akapanda kwetu na tunda moja kwa sahani. «Papa, kula kwanza,» akamuambia mutoto wangu. Mutoto akafyonza kipande kimoja, akachukua cha pili, akainua macho kwa matawi.

«Lakini maji, maman. Siterne nitaweka wapi?»

Aliuliza kwa upole, na hiyo ndiyo iliniuma. Nikaangalia jiko langu, mbao zake nyeusi kwa moshi.

«Vunja jiko,» nikasema.

Sasa siterne iko hapo, maji tunayo, na mimi ninapikia barazani kwa bibi ya mutoto wangu, tunagombana juu ya chumvi. Kutulia bado. Maua yakifunguka ninaamka mapema, nainua kitambaa changu juu, naangalia upepo unakielekeza wapi. Ukikipeleka chini, kwa jirani, ndipo ninaenda kuwasha makala ya kupikia.