Mama Kasoki na Harusi ya Kibati

Kila ninapopita Majengo na kusikia harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, kutoka kwenye sufuria kubwa, namkumbuka Mama Kasoki. Alitoka Butembo akiwa bado msichana, na hapa Goma akawa mpishi wa harusi ambaye familia zilimwomba miezi kabla. Sisi wanawake watano tulimfanyia kazi uani kwake. Tulikuwa tunacheka kuanzia asubuhi, macho yamejaa moshi.

Lakini kupika hasa alipika yeye. Sisi tulimenya, tuliosha, tulichochea makaa. Kila kilichohitaji uamuzi kilimngoja. Akienda sokoni Birere, tulisimama na miiko mikononi mpaka arudi aonje. Hatukuona ubaya. Tulimpenda, na kungoja kulikuwa sehemu ya kazi.

Kisha zikaja harusi mbili siku moja, moja Himbi, nyingine Ndosho. Alikwenda Himbi, na ile ya Ndosho akampa Daniella, msichana wa Masisi aliyekuwa naye muda mrefu kuliko sisi wote. Mimi nilikwenda na Daniella. Simu haikunyamaza, Mama Kasoki akipiga kutoka Himbi.

"Mafuta umeweka? Ngoja kwanza. Samaki usiwaguse mpaka nikuambie."

Daniella akangoja. Mtandao ukakatika, naye akaendelea kungoja, samaki wamelala kwenye beseni. Wageni walipotoka kanisani walikuta wali na maharage tu. Baba wa bibi harusi hakutugombeza. Alitutazama tu, akaondoka, na hilo lilituuma zaidi.

Kesho yake, baada ya misa, Mama Kasoki alituita.

"Daniella, mutu mukubwa kama wewe, unashindwa kukaanga samaki?"

Daniella alikuwa mtu wa maneno machache. "Mama, ulinipatia kazi, lakini haukuniachia."

Tulidhani atafukuzwa. Mama Kasoki alikaa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, kisha akasema, "Njooni kesho kama kawaida." Basi.

Harusi iliyofuata ilikuwa Kibati, barabara ya kaskazini. Safari hii alimkalisha Daniella kitini mbele yetu sote. "Ninataka watu wakitoka kanisani wapate chakula cha moto, na asikose hata mumoja. Wewe unaona utafanya namna gani?"

Daniella alieleza nani atapika nini: wali wa mwenzetu aliyeitwa Mimi, nyama yake mwenyewe, sombe yangu, viazi vya kukaanga mwishoni. Niliona midomo ya Mama Kasoki ikitaka kusahihisha. Akaifunga. Aliuliza jambo moja tu, kuhusu maji, kwa sababu kule ni ya shida. Kisha akaipigia familia ya bwana harusi: "Mukubwa wa kazi ni Daniella. Musiniulize mimi." Na kwa Daniella akasema, "Ukishindwa kabisa, unipigie. Mimi sitakupigia."

Hakupiga.

Mvua ilitukuta Kibati sufuria zikiwa tayari motoni. Daniella hakugusa simu. Alituhamishia kwenye baraza ya shule iliyokuwa karibu, na alipoona moto hautatosha kukaanga, viazi akavitia ndani ya mchuzi wa nyama. Hakuna mgeni aliyejua kwamba mpango ulikuwa mwingine. Walikula, wakaongeza, wakacheza kwenye tope.

Tuliporudi jioni, Mama Kasoki alikuwa mlangoni. Binti yake alituambia baadaye kwamba tangu asubuhi alikuwa anasugua sufuria zilizokuwa safi.

"Watu wamekula?" aliuliza.

"Wamekula, Mama."

"Na ninyi?"

Hatukuwa tumekula. Akatuingiza ndani, akatupakulia mwenyewe.

Kuanzia hapo kazi ikagawanyika kwelikweli. Mimi nikapewa kununua samaki wa Vitshumbi, na nilipokosea bei au ubora aliniuliza nimejifunza nini, halafu akanituma tena. Mimi hiyo kazi niliiota usiku kwa hofu. Kisha nikaizoea, nikaipenda.

Mimi mwenzetu, yule wa wali, alipoolewa, Daniella ndiye aliyepika. Mama Kasoki alikaa mezani na wageni, amevaa kitenge kipya. Alipikia harusi nyingi maishani mwake, lakini hakuwahi kuona bibi harusi akiingia. Wakati huo siku zote alikuwa nyuma ya nyumba. Alimwangalia Mimi akiingia na kwaya inaimba, akanishika mkono.

"Kumbe ni vizuri hivi," alisema.

Alirudi Butembo kuishi na kaka zake, miguu ilipochoka. Miaka hii migumu imetutawanya, Daniella peke yake ndiye bado anapika, huko Keshero. Mimi nauza vitenge sasa. Kazi ni nzuri, nakaa kivulini, nguo zangu hazinuki moshi. Jumamosi asubuhi, siku ya harusi zetu, hata hivyo, ninaamka mapema bila sababu, na ninakaa kidogo kitandani nikisikiliza kama kuna sufuria zinazogongana uani.