Mpiga pasi aliyemsikia marehemu mdogo wake kwenye wimbo ulioshinda tuzo ya kimataifa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha kufulia cha hospitali na vioo vya madirisha vinatiririka maji. Mwanamke wa miaka hamsini na moja anavuta shuka kutoka kikapuni, analitandaza mezani, anapitisha pasi mara nne, anakunja. Hajaitazama mikono yake hata mara moja.

Wenzake wanamwita Mama Shuka. Kwa siku hupiga pasi mashuka yasiyopungua mia mbili, na kazi hiyo ameifanya miaka ishirini.

Ndani ya kabati lake kuna shuka moja ambalo halitarudi wodini. Katikati lina alama ya kahawia yenye umbo la pasi.

"Hili nililiunguza mwenyewe," anasema, akilifungua taratibu. "Miaka yote hiyo sijaunguza hata leso. Siku ile mkono uliganda. Nilikuwa namsikia marehemu anaimba."

Ilikuwa Jumanne. Redio iliyo kwenye rafu juu ya mashine ilikuwa ikitangaza washindi wa tuzo ya kimataifa inayotolewa kila mwaka kwa wanamuziki waliotia fora, wawe wa dansi, wa okestra au wa nyimbo za asili. Wimbo bora wa mwaka, mtangazaji akasema, ni wa mpiga kinanda mmoja wa ng'ambo. Akauweka hewani.

Kinanda kililia peke yake kwa muda. Kisha zikaingia sauti mbili za wanawake, moja nzito, nyingine nyembamba na kali:

*Vuta kwako, nivute kwangu,*
*maji yaende yalikotoka.*

"Nilizitambua papo hapo," anasema Mama Shuka. "Ile sauti nzito ilikuwa yangu. Na ile nyingine ni ya mdogo wangu, ambaye nimemzika mimi mwenyewe."

Pale pale alisema kwa sauti, "Huyo ni mimi." Mwenzake wa meza ya pili akacheka. "Na mimi ndiye mpiga kinanda, dada. Hebu angalia, unaunguza mali ya serikali!"

Mama Shuka hakucheka. Aliweka pasi kando na kuanza kuimba ubeti wa pili kabla redio haijaufikia. Redio ikamfuata neno kwa neno.

"Tulizima mashine zote," anakumbuka yule mwenzake. "Nimefanya naye kazi miaka tisa, sijawahi kumsikia hata akinung'unika wimbo. Nilitaka kukimbia, sikujua nakimbia nini."

Hakuwahi kumsikia kwa sababu Mama Shuka aliacha kuimba siku aliyomzika mdogo wake.

Wakati huo dada hao wawili walikuwa wakifua nguo nyumba kwa nyumba. Mashuka mazito waliyakamua wakiwa wawili, kila mmoja ameshika upande wake, na wimbo waliutunga wenyewe ili mikono iende pamoja. Mdogo mtu walimwita Kengele. Siku moja fundi redio wa mtaani, aliyekuwa ametoka kununua maikrofoni, aliwasikia akawaomba waingie chumbani kwake ajaribu chombo. Waliimba, wakanywa soda, wakarudi kwenye nguo zao.

Wiki saba baadaye Kengele alijifungua mtoto wa kike. Siku tatu baada ya hapo alifariki kwa kutokwa damu.

Kichanga alichukuliwa na Mama Shuka. Leo ni binti wa miaka ishirini na miwili, yuko mwaka wa mwisho chuo cha ufundi umeme, na humwita Mama Mkubwa kama ilivyo haki. Ya mama yake alikuwa na picha moja tu, na hata hiyo uso umeingia kivulini.

Jioni ya Jumanne ile alimkuta Mama Mkubwa wake amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vya kazini bado miguuni.

"Kaa chini, mwanangu."

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Kaa."

Binti aliutafuta wimbo kwenye simu yake, wakasikiliza. Sauti zilipoingia, Mama Mkubwa akainua kidole. "Hiyo nyembamba. Ndiye huyo."

"Ndiye nani?"

"Mama yako."

Binti anasema hakulia. "Nilishtuka mpaka masikio yakaziba. Ilibidi nirudishe mwanzo, sikusikia kitu. Nikarudisha tena. Nilikuwa nadhani mama yangu alikuwa mpole. Kumbe alikuwa na sauti ya kuvunja glasi!"

Usiku huo hasira ndiyo iliyofuata mshtuko. Katika maelezo ya wimbo, waimbaji waliandikwa "wanawake wasiojulikana".

"Wasiojulikana na nani?" anauliza Mama Shuka, na hata sasa sauti inapanda. "Mdogo wangu ukimuudhi, mtaa wa pili walijua. Hata jogoo walikuwa wanamsubiri amalize."

Yule fundi redio, ambaye sasa ni mzee na macho yamepungua nguvu, hakani kosa lake. Alimpa mpiga kinanda sanduku la kanda zake za zamani alipokuja kutafuta sauti za kale. "Majina sikuyaandika," anasema. "Nilijua tu ni wale dada wafuaji. Nimemwomba radhi Mama Shuka, na bado naona haijatosha."

Binti alimwandikia mpiga kinanda. Siku kumi zikapita kimya. Jibu lilipokuja lilikuwa la adabu lakini la tahadhari: watu wengine wanne walikuwa wameshadai sauti ni zao. Aliomba wazungumze kwa simu, waonane uso kwa uso kwenye kioo cha simu.

Mama Shuka alivaa gauni lake la kutokea. Binti, aliyejifunza lugha ya mgeni chuoni, akawa mkalimani.

Mpiga kinanda aliuliza swali moja tu. Kwenye kanda halisi, kati ya ubeti wa kwanza na wa pili, kuna kitu alichokikata na ambacho hakijasikiwa na yeyote. Ni kitu gani?

Binti akatafsiri. Mama Shuka hakufikiri hata kidogo.

"Tulisimama kwa sababu mdogo wangu aliguna akaanza kucheka. Mtoto alimpiga teke."

Badala ya kutafsiri, binti akamgeukia Mama Mkubwa wake. Mpiga kinanda alisubiri. Akauliza kama mtandao umekatika.

"Mtoto gani, Mama Mkubwa?" binti akauliza.

"Wewe, mwanangu. Ni mtoto gani mwingine?"

Ilichukua dakika kadhaa jibu hilo kuvuka kwenda upande wa pili. Lilipofika, mpiga kinanda alifunika uso kwa mikono, kisha akainuka akatoka kwenye kioo. Aliporudi alikuwa na kanda yenyewe, akaiweka kwenye mashine iimbe.

Ni sekunde kumi na moja. Anasikika mtu akiguna, kicheko, halafu sauti nyembamba ikisema: "Ngoja kwanza, fundi. Huyu naye anataka kuimba."

"Hapo ndipo nilipolia," anasema binti. "Alikuwa ananisema mimi."

Waandaaji wa tuzo wamerekebisha kumbukumbu zao. Majina ya dada wote wawili sasa yameandikwa kando ya jina la mshindi, na Mama Shuka na binti yake wamealikwa kwenye tamasha la washindi mwezi ujao. Mama Shuka hajawahi kupanda ndege. Anachohofia zaidi, anasema, ni lifti.

Mpango ni kwamba ataimba sehemu yake jukwaani, na sehemu ya Kengele itatoka kwenye kanda, pamoja na zile sekunde kumi na moja, ambazo safari hii hazitakatwa.

Wiki iliyopita alipeleka fomu ya likizo kwa msimamizi wake. Aliomba siku saba. Mwaka aliofiwa alikuwa kibarua, na nyumba aliyokuwa akifulia ilimpa siku moja.

Msimamizi aliisoma fomu akafika kwenye nafasi ya sababu, akakuta patupu. "Niandike nini hapa, Mama Shuka? Semina? Ugonjwa?"

"Andika ukweli," akamjibu. "Naenda kuimba na mdogo wangu."