Ringi Iliyobaki

Tangu Mwanasiti atoke eda, fundi alifika uani kwake, pale Majengo, kila Ijumaa baada ya swala. Alitundika kanzu kwenye kamba, akachuchumaa mbele ya pikipiki kuukuu ya marehemu mumewe. Oili na petroli alizichanganya kwa kunusa tu. Gasketi za kuziba injini alizikata kwenye ngozi ya viatu vibovu, na mistari ya viganja vyake ilikuwa myeusi kama ya bibi harusi aliyepakwa piko. Mwishowe aliweka sikio kwenye tangi, kana kwamba mle ndani kuna mtu amelala.

"Imebaki ringi ya pistoni, Bi Mwanasiti. Soko zima la Gikomba hakuna."

Harufu ya petroli ikachanganyika na iliki ya kahawa, na alasiri ikasahau kwenda.

Ijumaa moja upepo ukaitikisa ile kanzu. Ringi mpya, nyembamba kama bangili ya mtoto, ikadondoka mfukoni na kubiringika hadi miguuni pa Mwanasiti. Fundi, aliyempa mgongo, hakuiona. Mwanasiti akaifunika kwa upindo wa kanga.

"Ringi bado, fundi?"

"Bado, bibi."

"Itafute polepole," akasema, akimjazia kikombe. "Pikipiki haina pa kwenda."